Kidogo Tu ni Ngapi?

"Kidogo" ni neno letu la kuombea subira. Ngoja kidogo. Sogea kidogo, anasema konda, na daladala imeshajaa. Itauma kidogo tu. Wengi wetu tunajua hicho kidogo hakina kipimo, na hatulalamiki. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa na ana usonji. Kwake neno ni ahadi.

Mwaka jana alianza kujipiga shavuni. Hasemi sana, na hapa Ukonga majirani wakaona ni utundu. Kumbe jino. Kliniki ya kwanza alishikwa na watu watatu, huku anaambiwa "haiumi, haiumi". Iliuma. Tangu siku hiyo hata mswaki hakuutaka.

Daktari wa pili, mama mmoja mtaratibu, alitoa dawa ya maumivu na hakumgusa mdomo. Aliuliza: mwanga unamsumbua? Sauti? Harufu ya glavu? Akaniambia, "Mama mdogo, piga picha za mlango, kiti, taa na kioo, umtengenezee hadithi." Njia hiyo aliianzisha Carol Gray, mwalimu wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nasoma riwaya nyingi, lakini sijakutana na msomaji mkali kama yule mtoto. Nilipomsomea "tutarudi mapema", aligonga kidole kwenye saa. Nikafuta. Nikaandika: "Tukimaliza, tutapanda daladala, tutarudi nyumbani."

Tuliisoma kila usiku. Siku ya miadi tulipangiwa namba moja asubuhi, kabla benchi halijajaa. Kila kifaa alionyeshwa kwanza, kikaguswa kwenye ukucha wake, ndipo kikaingia mdomoni. Kuhusu ganzi daktari hakudanganya: "Sindano itachoma. Nahesabu mpaka kumi, naitoa." Akaitoa. Kwenye mashine ya kutoboa, kumi ilifika kazi ikiwa bado. Akasimama vilevile. Mtoto akamtazama, kisha akafungua mdomo mwenyewe. Kumi nyingine. Na nyingine.

Wapo watoto ambao hadithi na hesabu havitoshi, wakahitaji kulazwa usingizi hospitalini. Hiyo nayo ni tiba, si aibu ya mzazi. Ila hata huyo anastahili kuambiwa ukweli kabla hajafumba macho.

Nyumbani kwetu sasa hakuna "ngoja kidogo". Kuna "ngoja mpaka wimbo huu uishe". Na wimbo ukiisha, bwana, uwe umeshasimama.