Uboho wa Mama

Tulipoambiwa kwamba maumivu ya mgongo ya mama yetu si baridi yabisi bali ni mayeloma, saratani ya uboho, hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Kwa miezi kadhaa zahanati moja ilimpa vidonge vya maumivu na kumrudisha nyumbani Kitale, hali damu inapungua na figo zinadhoofika. Mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa yasiyokwisha na aombe apimwe damu pamoja na protini zake.

Ndugu zetu wa Bungoma walitaka kiwanja kiuzwe, mama apelekwe India kupandikizwa seli shina. Kaka mkubwa alisita: alikuwa amesikia habari za Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako tangu 2023 watoto wenye selimundu hupandikizwa uboho wa ndugu zao, akahofia hukumu ya kutumia mwili wa mwingine. Tuliuliza Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, ambako AMPATH huwahudumia wagonjwa wa mayeloma wa magharibi mwa Kenya. Katika mayeloma, aghalabu mgonjwa hutolewa seli zake mwenyewe kutoka katika damu, zikagandishwa. Kisha hupewa melfalani kwa kipimo kikubwa kinachoteketeza uboho, na baada ya hapo hurudishiwa seli zake kama atiwavyo mtu damu. Kwa wiki mbili tatu huwa hana kinga, na baadaye huchanjwa upya kama mtoto mchanga.

Shaka ya kaka ikaondoka. Lililobaki lilikuwa zito zaidi: tiba hii huyalaza maradhi, pengine kwa miaka, lakini kwa kawaida haiyamalizi, nayo inataka mwili wenye nguvu.

Mama alisikiliza yote, kisha akasema kiwanja kisiuzwe, ni cha wajukuu. Akachagua thalidomaidi na deksamethasoni. Baadhi yetu hatukuridhika, na hadi leo hatujaridhika.

Thalidomaidi humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mke wa mdogo wetu, aliyekuwa mjamzito, alikatazwa kuigusa. Mjukuu wa kiume ndiye humpa bibi yake dawa kila usiku. Ramadhani daktari alimkataza kufunga, kwa kuwa figo zake zataka maji mengi. Fidia ni kibaba cha mchele kwa kila siku, na mama hukipima mwenyewe.