SEPTEMBA 5 YA FUNDI REDIO WA BOKO: NI BETHIDEI YA FREDDIE MERCURY

Ukishuka Boko Magengeni leo Septemba 5 ukakuta magitaa ya rock yanaunguruma badala ya singeli, usishangae. Ni fundi redio wa pale, ndiyo zake. Kila mwaka tarehe hii anatoa spika nje ya kibanda, anachomeka flashi, na kutwa nzima ni Queen tu. Bodaboda wa kijiweni wameshamzoea, ila asubuhi mmoja mgeni akauliza, "Mzee, huyu mzungu nani tena?"

"Mzungu wapi? Mtoto wa Unguja huyo."

Na ni kweli. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India. Akapelekwa bweni huko India akiwa bado mdogo, akarudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Ya Queen na Wembley 1985 wadau mnayajua. Ubishi kama ni wa kwetu au si wa kwetu haujaisha: mwaka 2006 sherehe ya kutimiza kwake miaka 60 iliyopangwa ufukweni Zanzibar ilifutwa baada ya kundi la kidini kuipinga, halafu 2019 kikafunguliwa kijumba cha makumbusho yake pale Shangani. Ndiyo sisi hao.

Fundi hana muda na ubishi huo. Yeye na Freddie wana yao ya Novemba 1991.

Enzi hizo alikuwa kijana, amepanga chumba kimoja Kariakoo na mdogo wake. Huyo mdogo ndiye aliyekuwa kichaa wa Queen, kanda akiletewa na baharia mmoja. Mwaka huo alikuwa kalala miezi, amebaki macho tu. Ndugu walisema kifua. Shangazi akasema karogwa. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka, lakini sahani na kikombe chake viliwekwa kando, haviguswi na mtu. Waliokuwepo miaka ile wanaelewa.

Novemba 23, Freddie akatangaza kwamba ana Ukimwi. Kesho yake akafariki, miaka 45. Habari ikawafikia kwa redio, na mgonjwa akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Kaka, na mimi ni hiyo hiyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kusemwa ndani ya chumba kile. Kaka mtu hakujua ajibu nini. Akachukua kile kikombe kilichotengwa, akamalizia ile chai. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakula sahani moja, na shangazi alipokuja kuulizia mganga, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemwambia, shangazi usihangaike, nina Ukimwi. Bibi wa watu alilia, lakini jioni alirudi na uji.

Alifariki kabla ya mfungo wa 1992. Dawa za kufubaza virusi, ambazo leo mtu anachukua zahanati akaenda zake kazini, kwa mtu wa Kariakoo wakati ule hazikuwepo.

Sasa kwa nini Septemba na siyo Novemba? Mdogo mtu alizaliwa kijijini, tarehe hakuna aliyeiandika. Alipotakiwa kujaza fomu ya kazi, akajipachika Septemba 5, ya Freddie, na kila mwaka alidai soda. Kwa hiyo leo ni bethidei yake pia.

Haya fundi anayasimulia mwenyewe siku hizi, huku bisibisi iko mkononi. Yule bodaboda mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwa Mangi, akarudi na soda mbili. Jioni spika zikarudi ndani, maana kuna mteja anadai sabufa yake tangu juzi.