Wimbo wa Dola Mbili

Mwezi wa Novemba 2007 liliingia katika maduka ya Marekani sanduku kubwa la karatasi ngumu, ndani yake mna gitaa la plastiki, ngoma nne ndogo pamoja na kanyagio lake, kipaza sauti, na diski moja ya mchezo wa video uitwao Rock Band. Bei yake ilikuwa dola 170 kasoro senti moja. Si bei ndogo hata kidogo, na aliyelipa aliamini kuwa amekwisha kulipa. Kumbe alichotoa kilikuwa kiingilio.

Waliouunda mchezo huo ni kampuni ya Harmonix ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Alex Rigopulos na Eran Egozy, waliotoka katika chuo cha MIT. Nia yao tangu mwanzo ilikuwa kumwonjesha mtu asiyejua chombo chochote ladha ya kupiga muziki. Walihangaika miaka kumi hadi mwaka 2005, ulipotoka mchezo wao wa Guitar Hero na kuwafungulia milango. Namna ya kucheza ni nyepesi kuieleza. Vidoti vya rangi huteremka katika kioo cha televisheni, na mchezaji hubonyeza kitufe cha rangi ile ile mara kidoti kinapofika mstarini. Akipatia, gitaa hulia. Akikosea, ngoma na mwimbaji huendelea na safari yao, lakini gitaa hunyamaza. Katika ukimya huo ndimo ulimojificha uchawi wote wa mchezo, kwani mchezaji hupata kuamini kwamba wimbo unamhitaji yeye, na kwamba bila ya kidole chake una pengo. Mpenzi wa ushairi aliyewahi kusikia beti ikighanwa na mizani moja imepungua, akaijazia moyoni mwake pasi na kuambiwa, ataelewa.

Diski ile ilikuwa na nyimbo 58. Nyimbo 58 ni nyingi kwa msikilizaji, lakini ni chache kwa mchezaji, maana mchezaji hurudia wimbo mmoja mara ishirini, thelathini, mpaka uishe utamu. Basi Harmonix wakafungua duka katika intaneti. Kila wiki, bila kukosa, nyimbo mpya zilitolewa za kupakua, na bei ya kawaida ya wimbo mmoja ilikuwa dola 1.99. Mwendo huo ulidumu wiki 281 mfululizo, hadi Aprili 2013, na hapo nyimbo zilikwisha kupindukia 4,000. Asemaye dola mbili si kitu na azidishe mwenyewe.

Manung'uniko yalianza mapema, na yalikuwa na hoja. Wimbo ule ule, katika duka la muziki la kampuni ya Apple, uliuzwa wakati huo kwa senti 99. Aidha, wengi walionunua walikuwa tayari wanao kwenye santuri au diski zao nyumbani. Kwa nini basi mtu alipe mara ya pili, tena maradufu, kwa kitu alichonacho kabatini?

Jawabu si gumu, ingawa wauzaji wenyewe hawakulieleza vyema. Kilichouzwa si wimbo wa kusikiliza. Ili wimbo uchezeke, zilitakiwa kanda za awali za studio, ambazo gitaa, besi, ngoma na sauti zimerekodiwa mbalimbali. Kisha mtu alikaa akasikiliza kila pigo la ngoma na kila uzi ulioguswa, akaandika vidoti vyake, kwa kila chombo, kwa daraja nne, tangu la mwanagenzi hadi la bingwa. Juu ya hapo kulikuwa na ruhusa mbili za kulipiwa, ya mwenye utungo na ya mwenye kurekodi, ambao mara nyingi si mtu mmoja. Mwezi wa Agosti 2008, Edgar Bronfman, mkuu wa Warner Music, alilalamika hadharani kwamba malipo yanayotoka katika michezo hii ni kiduchu. Bobby Kotick wa Activision, kampuni iliyokuwa ikimiliki Guitar Hero, akajibu kwamba hasa wenye muziki ndio wanaostahili kulipa, kwa kuwa michezo inawauzia nyimbo zao. Mafahali hao wawili walikuwa wakigombania mfuko mmoja, nao mfuko ulikuwa wa kijana aliyeketi sebuleni na gitaa lake la plastiki.

Ukipima kwa haki, dola mbili hazikuwa dhuluma. Aliyeupiga wimbo kwa besi mara thelathini ameusikia kwa namna ambayo msikilizaji wa redio hausikii katika umri wake wote, kwa kuwa amegundua kitu kilichokuwa kikitembea chini ya sauti ya mwimbaji miaka yote bila yeye kukitambua. Katika taarabu mtu huinuka akaenda kumtuza mwimbaji kwa ubeti mmoja uliomgusa, wala hatarajii kurudi nyumbani na ubeti mkononi. Ametoa kwa furaha, na anajua alichotolea.

Tatizo liko katika kujua huko. Kwenye duka la Rock Band kitufe kiliandikwa "nunua", na neno hilo lilibeba maana ambayo mkataba haukuibeba. Hata bei yenyewe ilivishwa kanzu. Katika mashine ya Xbox 360 hakukuwa na dola, bali kulikuwa na alama za Microsoft, na wimbo mmoja ulikuwa alama 160. Alama ziliuzwa kwa mafungu. Aliyenunua fungu la alama 500 alipata nyimbo tatu, zikambakia alama 20 zisizofaa kitu mpaka anunue fungu jingine. Microsoft waliziondoa alama hizo mwaka 2013. Huko upande wa Guitar Hero mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2007 mchezo wa pili uliuziwa nyimbo kwa mafungu ya tatu tatu, dola 6.25 kila fungu, wala huwezi kuchagua mmoja ukaacha wawili, na zile za mwanzo zilikuwa ni nyimbo zilizomo ndani ya mchezo wa kwanza. Baadaye, aliyetaka kuhamisha nyimbo za diski ya Rock Band ya kwanza kwenda katika ya pili alilipishwa ada ya dola tano. Na mwaka 2010, Rock Band ya tatu ilipoleta gitaa lenye nyuzi za kweli, vidoti vya gitaa hilo viliuzwa mbali, senti 99 kwa wimbo, juu ya zile dola mbili.

Hayo yote ni ya mfuko. La muda ni zito zaidi.

Tarehe 9 Septemba 2009 ulitoka mchezo wa nyimbo za Beatles peke yao, kazi nzuri kupita zote za Harmonix. Nyimbo 45 zilikuwa kwenye diski, na albamu tatu kamili, Abbey Road, Sgt. Pepper's na Rubber Soul, zilijazwa kwa kupakua. Mwezi wa Mei 2016 duka lake likafungwa. Leo santuri kuukuu ya Abbey Road hupatikana kwa muuza mitumba, lakini zile nyimbo zake za kuchezwa, ambazo hazikuwamo kwenye diski, hazinunuliki kwa dola mbili wala kwa dola mia mbili. Hazikuharibika wala hazikupotea, ila ruhusa ndiyo iliyokwisha.

Guitar Hero Live ya mwaka 2015 ilikuwa angalau mkweli. Nyimbo 42 tu zilikuwa kwenye diski. Nyingine zote zilitiririka kutoka mbali kupitia intaneti, na aliyetaka kuchagua wimbo alitumia kibali cha kuupiga mara moja, ama akichume kwa kucheza ama akinunue. Hapakuwa na wimbo wa kumiliki. Tarehe 1 Desemba 2018 mitambo ya huko mbali ikazimwa, zikaondoka nyimbo 484 kwa siku moja, na mchezo ukarudi kuwa wa nyimbo zile zile 42.

Hapa ndipo santuri inapostahili kukumbukwa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kilichotoka huko kilikuwa kitu cha kushikika. Aliyekinunua aliweza kukiazima kwa jirani na kumwachia mwanawe, na kampuni ya Bombay isingeweza kubisha hodi na kukidai. Wimbo wa Rock Band haukuazimika. Ulifungwa katika akaunti ya mnunuzi, na hata diski ya mchezo iliyoweza kuuzwa tena dukani iliuzwa bila ya nyimbo hizo.

Harmonix, haki yao wapewe, walijitahidi. Ilipotoka Rock Band ya nne mwaka 2015, aliyekuwa amenunua nyimbo kwenye Xbox ya zamani alizipata kwenye Xbox mpya bila malipo, na wa PlayStation vivyo hivyo. Aliyevuka kutoka ukoo mmoja wa mashine kwenda mwingine alianza upya. Mwaka 2021 kampuni ikanunuliwa na Epic Games, na tarehe 25 Januari 2024 zikatolewa nyimbo za mwisho. Oktoba 2025, miaka kumi kamili tangu kutoka kwake, mchezo wenyewe ukaondolewa madukani kwa kuwa muda wa ruhusa umekwisha.

Kilichosalia kwa wachezaji kinatofautiana kwa chombo. Mpiga gitaa la plastiki amebaki na vidole vyepesi vya kubonyeza vitufe vitano, ujuzi usio na pa kwenda. Mwimbaji amebaki na maneno. Mpiga ngoma wa daraja la bingwa ndiye aliyepata faida ambayo haikuandikwa kwenye sanduku, kwa maana mikono yake ilikuwa ikipiga ngoma kwelikweli, na mguu wake ukikanyaga palepale anapokanyaga mpigaji wa kundi. Nyimbo zao, wote watatu, zingalimo ndani ya mashine ile ile chini ya televisheni, na zitachezeka siku itakapowashwa ikawaka.