Sindano ya Saa Kumi na Mbili Jioni

Bibi aliruhusiwa kutoka wodini Musoma siku ya nne, kanula ikiwa bado mkononi. Maambukizi ya figo yalihitaji siku kumi za seftriaksoni. Sita zilizobaki angechomwa nyumbani, Butiama. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi moja kwa siku inatosha. Ingekuwa ya kila saa sita, asingetoka.

Mama mdogo ni muuguzi Bunda. Kila jioni akitoka kazini alipanda basi hadi Makutano, kisha bodaboda hadi kwa bibi. Alinawa, akaipitishia kanula maji ya chumvi, akasukuma dawa polepole, akiangalia mkono usivimbe. Mimi, niliyeiacha tasnifu chuoni, nilimulika kwa tochi ya simu.

Mwaka 1974 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu watoto waliotibiwa hivyo majumbani. Hoja haijabadilika: nyumbani ni nafuu, na mgonjwa anaepuka vimelea sugu vya wodini. Ni kweli. Bibi alilala kitandani kwake, akala ugali wa udaga wa jikoni kwake.

Lakini unafuu huo kuna aliyeulipia. Hospitali ilipata kitanda kitupu. Nauli, uchovu na hofu ya homa ya usiku wa manane vilihamia kwa mwanamke mmoja, na hakuna risiti iliyoviandika.

Siku ya kumi alichomoa kanula, akabana pamba, akauliza basi la mwisho la Bunda linapita saa ngapi.