Mtoto wa Miaka Miwili na Viwanja vya Pembea



Wasomaji wetu watuwie radhi wiki hii tukiuacha kidogo mlango wa fikihi tuliokuwa tumeufungua, tukawatembeza mahali patatu ambapo wengi wao wanapajua kuliko tunavyopajua sisi. Sababu yake ni suala tulilopewa na mama mmoja kijana baada ya darsa. Mumewe yuko kazini Ghuba. Amemwandikia kwamba mwezi wa Disemba atamkatia tikiti yeye na mtoto wao wa miezi ishirini, wakae naye siku kumi, na kwamba siku mbili katika hizo amezipanga ziwe za bustani kubwa za michezo za Dubai na Abu Dhabi. Mama akauliza, "Maalim, yafaa kumpeleka mtoto mdogo kiasi hicho mahali kama hapo?"

Tulimjibu papo hapo kwa maneno machache: kwamba asili ya mambo ya dunia ni ruhusa, kwamba wajihadhari na israfu wala wasiingie katika deni, na kwamba swala isipotee. Maneno ni sahihi. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tuliona kwamba tumemjibu kama mtu asiyewahi kushika mkono wa mtoto katika umati, ilhali tumewahi, na mkono huo ukatuponyoka.

Ilikuwa Idd-ul-Fitri ya mwaka uliopita. Mwana wetu wa kwanza, ambaye hufanya kazi Nairobi, alikuja kusherehekea nasi pamoja na mkewe na watoto wao wawili: binti wa miaka sita, na mvulana aliyekuwa wakati huo na miaka miwili na miezi mitatu. Alikuja na ratiba yake tayari. Siku ya pili ya Idi bustani ya michezo ya maji huko Nyali, siku ya tatu Makadara, siku ya nne Haller Park. Tulipomwambia kwamba huyu mdogo ni mchanga mno kwa mizunguko yote hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Baba, sisi hatukupelekwa."

Ni kweli, hawakupelekwa. Katika miaka ile tulikuwa vijana tuliotoka madrasa karibuni, wenye ukali mwingi kuliko ilimu. Tuliziona kelele za Makadara kuwa ni upuuzi mtupu, tukawaweka wanetu nyumbani alasiri za Idi, wakisikia kwa mbali shangwe za wenzao kupitia dirishani. Na hali tulikuwa tumeisoma, na tukiisomesha, hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) na Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume wetu (s.a.w.) akisimama kumsitiri naye akitazama mpaka akachoka mwenyewe. Tulikuwa tukiisoma kwa ajili ya sanadi yake.

Basi hatukuwa na la kuongeza. Tulifuatana nao.

Ya bustani ya maji hatutayarefusha. Binti alifurahi furaha ya kweli, na Alhamdulillah kwa hilo. Lakini mahali pale palikuwa pametengenezwa kwa ajili ya watoto wa rika lake na wakubwa zake. Palikuwa na ubao uliochorwa mstari wa kimo, nasi tulipomsimamisha mvulana mbele yake kichwa chake kilikuwa chini ya mstari kwa shubiri mbili. Akabakishiwa kidimbwi cha maji ya kufika kifundoni, ambacho kingempendeza sana lau si pipa kubwa lililowekwa juu ya mnara, likijaa maji na kupinduka kwa kishindo kila baada ya dakika chache. Pipa lilipopinduka mara ya kwanza alipiga ukelele. Mara ya pili alimng'ang'ania mamake shingoni. Ya tatu hakuingoja, alianza kulia alipoona linainama. Hatimaye alilala begani kwa mamake, katika jua la saa sita, chini ya mwavuli usiotosha watu wawili, naye mama buibui limemrowa na amezunguka kote akitafuta pembe yenye sitara ya kumbadilishia nepi. Kiingilio chao tulikuwa tumekwisha kukilipa, na saa tatu za kukitumia zilikuwa bado zimebaki. Mwana wetu akasema tungoje, huenda akiamka atazoea.

Hapo palitujia yale aliyotufundisha Mtume (s.a.w.), kwamba alikuwa akiingia katika swala na nia ya kuirefusha, kisha husikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kujua uzito unaompata mamake. Ikiwa swala ya jamaa nyuma ya Mtume ilifupishwa kwa kilio cha mtoto, kidimbwi cha Nyali ni nini? Tulimwambia mwana wetu twende. Hakupendezwa, lakini alikwenda.

Makadara ni jambo jingine, na wasomaji wetu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Mfunguo Mosi unapoandama, uwanja ule unageuka mji wa watoto. Ziko pembea zinazozungushwa kwa nguvu za mikono, na zile za mashine, na nyumba za upepo za kurukaruka, na wauza barafu, mabuyu, achari, viazi vya karai na mihogo ya kukaangwa yenye pilipili na ndimu. Wasichana wako katika nguo mpya, hina ingali nyekundu viganjani, na kila mmoja amekunja ngumi yenye mkono wa Idi aliopewa na ami na shangazi zake. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni mwetu tuliingia pale na kusimama, na twakiri kwamba moyo ulituchangamka.

Tulifika baada ya alasiri. Binti alipanda pembea kubwa na babake. Mkaza mwana wetu alikwenda kununua maji. Mvulana tukaachiwa sisi. Tulimshika mkono, na tulikuwa tumemshika vizuri, mpaka mzee mmoja tuliyesoma naye akatujia kwa salamu na mkono wa Idi, nasi tukaunyosha mkono wetu wa kulia kumpa. Ni muda wa kuulizana hali, hata habari za nyumbani hatukuzimaliza. Tulipoinamisha macho, mtoto hayupo.

Mwenye kupatwa na jambo hili anajua kwamba uwanja mzima hunyamaza ndani ya masikio, ijapokuwa kelele ziko vilevile. Kila mvulana mdogo alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia. Tulishika mabega ya watoto wa watu watatu au wanne. Tulikwenda upande wa barabara kwanza, maana magari ndiyo tuliyoyahofu, kisha tukarudi. Mkaza mwana wetu alitukuta tukizunguka, akatazama mikono yetu mitupu, hakuuliza neno. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na sisi tuliokuwa tukiwafundisha watu mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ya kuwazuia watoto wasitoke unapoingia usiku, tulikuwa tumemleta mtoto wa miaka miwili uwanjani na kumkawiza mpaka karibu na magharibi.

Alikuwa kwa mama mmoja mkaanga mihogo. Amemkalisha juu ya kreti lililopinduliwa, mbali na karai la mafuta, amempa kipande cha muhogo kilichopozwa kisicho pilipili, naye anakitafuna kwa utulivu. Mama yule alikuwa amekwisha kumtuma kijana wake atangaze. Alitutazama na kanzu yetu na kilemba chetu, akasema, "Maalim, huyu si wa kuachiwa mkono. Na saa hizi si za mtoto mdogo kuwa hapa." Hatukuwa na hoja ya kumjibu. Kina mama wanaotusoma, tunawasihi mtakapokwenda mahali pa kanyaga nikanyage: andikeni nambari ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu, mwende mapema mrudi mapema, na mtoto mdogo akabidhiwe mtu mmoja asiye na kazi nyingine yoyote. Asiwe babu anayejulikana na watu wengi.

Asubuhi ya siku ya nne hakuna aliyetaka kutoka isipokuwa binti. Ni kwa ajili yake tulikwenda Bamburi.

Haller Park, kwa wasiopafahamu, palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale mwaka 1954, kikachimba jiwe la matumbawe mpaka likabaki shimo jeupe la mawe lenye joto kali na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti. Mingi ilikufa. Mvinje ndio uliostahimili. Lakini majani yake membamba yalipoanguka hayakuoza, yakabaki matandiko makavu yasiyozaa udongo, mpaka walipoletwa jongoo. Jongoo wakayala majani yale, na choo chao kikawa udongo, na juu ya udongo ule leo pana msitu, na viboko, na twiga, na kobe wakubwa mno. Ni hapo alipoletwa yule mwanakiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi wakati wa wimbi la Disemba 2004, akajishikiza kwa kobe mzee na kumfuata kama mamake. Subhanallah, Mola amemjaalia mdudu wa kukanyagwa kuwa sababu ya kuhuisha ardhi iliyokufa.

Tuliyajua hayo na tukakusudia kumwelezea binti. Tulipofika kwa twiga, mvulana aliona ule ulimi mrefu wa kijivu ukinyoshwa kuelekea kiganja cha dadake, akajificha nyuma ya kanzu yetu. Kobe alimtazama kidogo. Kiboko alikuwa majini, haonekani ila masikio. Kisha, katika njia ya kivuli chini ya mivinje, akachuchumaa.

Alikuwa amemwona jongoo, mweusi, mwenye miguu myekundu, anavuka njia. Alimgusa kwa kidole, jongoo akajikunja mviringo. Alingoja. Jongoo akajikunjua, akaendelea na safari. Akamgusa tena. Hatukutazama saa, lakini binti alikwenda na babake kuwatazama mamba, wakarudi, na mvulana alikuwa pale pale, amemfuata jongoo yule hatua kama sita. Mkaza mwana wetu aliketi juu ya gogo akala njugu. Ndipo tulipotambua kwamba katika siku tatu zile hatukuwa tumemwona ameketi, na kwamba safari za kuwafurahisha watoto wadogo huwa nyepesi kwa yule asiyebeba mkoba.

Mwana wetu alisimama akimtazama mwanawe. Akasema, "Jongoo wako hata nyumbani, baba." Tukasema, ndiyo, wako.

Sasa tumrudie mama yetu wa darsani. Bustani za kule tumesimuliwa na waliokwenda. Ile ya Abu Dhabi iliyofunguliwa mwaka 2010 katika kisiwa cha Yas ina gari la reli linalokimbia kilomita 240 kwa saa. Bila shaka ni ajabu kwa kijana wa miaka kumi na mitano. Mtoto wa miezi ishirini hatalikaribia. Atapata kelele, foleni, taa, na watu waliovaa vichwa vikubwa vya wanyama, ambavyo tumeona watoto wa umri wake wakivikimbia. Wala hatakumbuka, ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka chochote kilichotangulia mwaka wa tatu wa umri wao. Wapo watakaosema kwamba hata asipokumbuka, furaha humjenga. Twalikubali hilo, na ndiyo maana ya jongoo.

Lakini suala lake lina jambo ambalo yeye hakulitaja nasi hatukulisikia siku ile. Mtoto huyu ana miezi ishirini. Babake aliondoka alipokuwa wa miezi mitatu. Anamjua babake kama uso ulio ndani ya simu. Huyo mume, mgeni katika nchi ya watu, anataka kumpa mwanawe kitu kikubwa, na kikubwa alichokiona kikipewa watoto huko ni hicho. Hatuwezi kumlaumu. Tunachohofu ni mtoto kufikishwa mbele ya mtu asiyemzoea, kesho yake akabebwa na mtu huyo kuingizwa katika zogo, akamlilia usoni. Atakayeumia ni baba.

Kwa hiyo jibu letu tumelibadilisha, na tumemfikishia. Siku nne au tano za kwanza wasiende popote. Wale pamoja, walale adhuhuri, mtoto apande mgongo wa babake kama Hasan na Husein (r.a.) walivyopanda mgongo wa babu yao akiwa katika sijida. Jioni za Disemba za kule zina hewa nzuri, waende ufukweni, naye baba ndiye amshike mkono. Kisha wakitaka, siku moja tu, si mbili, wachague bustani yenye nyasi na pembea ndogo, waingie mapema, na mtoto akichoka watoke bila kuhesabu kiingilio. Hayo makubwa yawangoje mpaka atakapofika mstarini.

Idi hii mwana wetu alikuja tena. Tulikwenda Makadara mara tu baada ya swala ya alasiri, sisi kazi yetu ikiwa moja, mkono wa mvulana, na waliotusalimia tuliwaitikia kwa kichwa. Sasa ana miaka mitatu na kitu. Alipanda pembea ndogo ya mbao mara mbili, akasema basi. Tulipogeuka kuondoka tulimwona babake angali amesimama mbele ya ile kubwa inayozungushwa kwa mikono, ambayo binti alikuwa ameshuka zamani. Tulimuuliza kama anataka kupanda. Alicheka, akasema yeye ni mtu mzima. Tulimuuliza tena.

Mwenye pembea alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema mtu wa uzito ule ni bei ya watoto watatu. Tulitia mkono mfukoni tukamlipa.