Mtihani wa Maneno

Kila mwaka wavulana wa darasa la saba hutujia baada ya masomo, tuwaandae kwa mtihani wa kuingia seminari. Hesabu haziwatishi, yawatishayo ni maneno. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, na nyumbani wengi husema Kinyamwezi, lakini karatasi ile ni ya Kiingereza: taja kinyume cha neno hili, chagua neno lisilofanana na wenzake.

Wako walimu wawakaririshao orodha ndefu. Twaona kazi hiyo ni bure. Sisi huanza na vitendawili, kisha maneno ya njia ya misafara, iliyotoka Ujiji kupita Tabora hata Bagamoyo. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi Kwihara, karibu na mji huu, akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Basi tukauliza: mpagazi na mzigo ni kama nini na nini?

“Punda na gunia,” akajibu mmoja upesi.

Mwenzake akakataa. “Punda hapati ujira!”

Wakabishana hata jua likachwa, wala hatukuwazuia. Kesho yake tukawauliza yale yale kwa Kiingereza. Yule aliyemkataa punda akanyamaza. Huyo ndiye atutiaye hofu: fikira anazo, maneno hana, na yamebaki majuma matatu.