Ushujaa Peke Yake Hautoshi

James Brudenell, ambaye baadaye alipata kuwa Lord Cardigan, alizaliwa Uingereza mwaka 1797 katika jamaa ya wakuu wenye mali nyingi. Zamani hizo ukubwa katika jeshi la farasi ulinunuliwa kwa fedha. Brudenell aliingia jeshini mwaka 1824, na baada ya miaka minane tu alikuwa mkuu wa kikosi kizima, hali maofisa waliozoea vita lakini wasio na fedha walibaki chini.

Mwaka 1834 aliondolewa katika ukuu huo, kwa kuwa alimshitaki ofisa wake na baraza la kijeshi likaona kuwa mtu yule hana hatia. Hata hivyo mwaka 1836 alipewa kikosi kingine. Huko aliwavika askari wake mavazi ya fahari, lakini ugomvi wake na maofisa haukwisha.

Vita vya Crimea vilipotokea, aliwekwa chini ya Lord Lucan, shemeji yake, na wawili hao walikuwa hawapatani kabisa. Tarehe 25 Oktoba 1854, karibu na Balaklava, ililetwa amri ya kuwazuia Warusi wasichukue mizinga. Mkuu wa jeshi lote aliiona mizinga ile kwa kuwa alisimama kilimani; Lucan, aliyekuwa bondeni, hakuiona. Mizinga aliyoweza kuiona ni ile ya adui iliyopangwa mwisho wa bonde. Cardigan alitambua hatari, akasema neno moja, kisha akatii. Mashemeji wanaopendana wangalikaa kitako wakaulizana maana ya amri ile.

Basi Cardigan akatangulia mbele ya watu wapatao 670, wala hakugeuza uso nyuma. Alifika kwenye mizinga, akarudi salama, naye alirudi kabla ya wengi wa askari wake. Zaidi ya mia walikufa, pamoja na farasi zaidi ya 300. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Cardigan alikufa mwaka 1868 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Mwaka 1871 desturi ya kununua vyeo ilikomeshwa. Hakuna aliyeweza kumwita mwoga. Lakini ushujaa ni mali ya mtu mwenyewe. Uongozi ni amana ya roho za watu wengine, na amana hiyo haipatikani dukani.